Upande wa Baba Yako

Bweni la Wasichana, ghorofa ya juu
3 Februari

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Kabla hujaendelea kusoma, iinue pasi kwanza, nisije nikalaumiwa kwa shati la mtu. Huku mimi mzima. Kifua kimepona, na sweta uliyonilazimisha kuibeba, ile niliyosema ni ya bibi kizee, ndiyo ninayolala nayo. Wasalimie Baba na Baba Mdogo. Baba bado hajanijibu, lakini najua mkono wake umezoea mkasi kuliko kalamu, kwa hiyo sina kinyongo.

Chumbani tuko wawili. Mwenzangu ni msichana mrefu anayesoma hesabu. Siku ya kwanza, hata sanduku hajalifungua, alisukuma kabati la nguo likasimama katikati ya vitanda vyetu, na tangu hapo nimempachika jina la Bi Kabati. Tunalala karibu kiasi kwamba akijigeuza mimi naamka. Lakini ukiniuliza ana ndugu wangapi, au anapenda nini, sijui. Tukikutana kwenye korido tunasalimiana kama watu waliokutana benki.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nikuandikie. Somo ninalolipenda kuliko yote ni elimu ya jamii. Wazee walioianzisha, wamekufa zamani, walijiuliza swali ambalo mwanzoni niliona ni la watu wasio na kazi: chumba ni nini? Barabara ni nini? Mimi nilidhani chumba ni kuta na paa, basi. Kumbe mmoja wao anasema kuta zenyewe hazifanyi chochote. Watu wawili wasiojuana wakiketi benchi moja, kati yao pana uwazi tu. Wakianza kuongea, au hata kuchukiana, ule uwazi si uwazi tena, tayari una kitu ndani yake. Mwingine anasema watu huigawa nyumba na ardhi jinsi walivyojigawa wao wenyewe, kwa hiyo ukitaka kuwajua, tazama nani anakaa wapi. Tangu nisome hayo siwezi kuingia ukumbi wa chakula bila kusimama mlangoni na kukodoa macho. Watu wameanza kuniuliza kama nimepoteza kitu.

Mwalimu ametupa kazi. Kila mmoja achague chumba anachokijua, aeleze nani anakaa wapi, nani anapita wapi, na nani hupita bila kuomba njia. Mimi nimechagua karakana yetu. Lakini nimekulia mle, na mahali ulipokulia huwezi kupaona. Naomba macho yako. Niandikie kama unavyomweleza mtu ambaye hajawahi kufika: Baba na meza yake ya kukatia, Baba Mdogo na cherehani yake, wewe na pasi yako mlangoni. Usiache kitu, hata ukikiona cha kijinga.

Mwanao mdadisi,
Kigoda
(bado najiita hivyo, hata huku ambako sina kigoda, nakalia kiti cha plastiki)


Nyumbani
27 Februari

Kigoda wangu,

Marahaba mwanangu, na hicho kifua kisikurudie. Kwa hiyo sweta ya bibi kizee imekuwa tamu. Nitaisoma sehemu hiyo kwa sauti mtaa mzima usikie. Sisi hatujambo. Paa la jikoni lilivuja, likazibwa, sasa linavuja pembeni ya lilipozibwa. Baba yako yupo, na kikohozi chake cha vumbi la chaki. Baba yako mdogo amenunua miwani, anaivaa kichwani na kuitafuta mezani. Umefanya vizuri kuandika badala ya kupiga simu. Simu iko kwa muuza nyuzi, na ukinong'ona mle mtaa mzima unaitikia.

Kumbe tumekupeleka kote huko ukajifunze nani anakaa wapi! Hayo ningekufundisha hapa hapa mlangoni. Haya, chukua.

Mtu akitoka barabarani ananikuta mimi kwanza, na meza yangu ya pasi. Hakuna anayeingia bila mimi kujua, wala anayetoka bila kuniaga, labda mwenye deni la adabu. Meza ya kukatia iko pale pale chini ya dirisha, na mwanga wote unabaki upande wa baba yako, kwa hiyo baba yako mdogo amevuta taa ya umeme akaining'iniza juu ya cherehani. Wateja wa kupimwa wanapita kulia kwa meza yangu, wa kuchukua nguo zilizokwisha wanapita kushoto. Rafu ya vitambaa iko upande wa baba yako. Nyuzi na vifungo viko upande wa pili. Kigoda chako nakikalia mimi miguu ikivimba. Kazi ni ile ile, mmoja anakata, mwingine anashona, nami nanyoosha walichokikunja.

Nani anapita bila kuomba njia? Mimi. Na kuku wa jirani.

Usome. Na ukiwa ukumbini acha kukodolea watu macho, watakudhania mwizi.

Shangazi yako


Bweni
9 Machi

Shangazi,

Shikamoo, na asante kwa macho yako. Pole kwa paa. Mwambie Baba Mdogo aifunge miwani kamba aitundike shingoni. Nimeisoma barua yako mara nyingi mpaka Bi Kabati, akiwa nyuma ya kabati lake, ameniuliza kama nimepata msiba. Hayo ndiyo mazungumzo yetu marefu kuliko yote mpaka leo.

Shangazi, upande gani?

Umeandika "upande wa baba yako". Umeandika "upande wa pili". Karakana ninayoijua haikuwa na pande. Ilikuwa na meza na cherehani, na kati yake mimi, nanyoosha mkono huku napokea kipande kwa Baba, nanyoosha kule namkabidhi Baba Mdogo. Mwanga wa dirisha lile ulikuwa ukifika mpaka ukuta wa nyuma. Kwa mwanga huo nilikuwa natunga uzi kwenye sindano, na Baba Mdogo anashona mpaka jioni. Sasa amevuta taa ya nini? Na kwa nini wateja wapite kulia na kushoto, na mlango ni mmoja?

Mwalimu wetu anasema mwanafunzi mzuri haoni haya kuuliza swali la mtoto. Basi nauliza la mtoto: katikati kuna nini?

Na Baba hajaniandikia.

Kigoda


Nyumbani
30 Aprili

Binti yangu,

Marahaba. Nimechelewa. Kwanza ilikuwa shughuli, ukaingia msimu wa sare za shule, mguu ukavimba, kisha shughuli tena. Ukiona nimetaja shughuli mara mbili usiulize. Sote wazima. Paka wa jirani amezalia kwenye kikapu chetu cha vitambaa chakavu na tumemwachia, tungefanyaje.

Katikati kuna ubao. Umefurahi? Ni wa kuzuia vumbi. Chaki inamletea baba yako mdogo mafua.

Najua hujaridhika. Tangu utotoni ukipewa jibu ulikuwa unalipindua utazame chini yake. Basi nitakueleza ubao wenyewe, sababu nitabaki nayo mimi. Ni plaiwudi, inatoka ukuta wa nyuma mpaka karibu na meza yangu, na kwa kimo inampita mtu mrefu. Waliuweka wao wenyewe, bila seremala. Mmoja alishika, mwingine akapigilia misumari. Walipima, wakasawazisha, aliyeshika alipochoka wakabadilishana, na hakuna aliyetamka neno toka msumari wa kwanza mpaka wa mwisho. Nilisimama na pasi mkononi nikiwatazama. Sijawahi kuwaona wakielewana vile.

Mchana ndipo wakagundua walichokifanya. Baba yako alikata suruali, akakunja vipande, akageuka kuvitoa, akakutana na plaiwudi puani. Akanitazama mimi. Nikamwambia, "Usinitazame. Nimewabeba nyinyi wote wawili mgongoni, sitakuwa tarishi wenu ndani ya karakana ya baba yetu." Basi akachukua msumeno akakata tundu la mraba, usawa wa kifua. Baba yako mdogo, kwa upande wake, akalipiga kingo msasa ili vitambaa visikwaruzwe. Sasa vipande vinapita humo. Maneno hayapiti.

Habari njema ni moja. Mwalimu Mkuu wa shule ya msingi, yule ambaye bega lake la kushoto limeshuka kwa kubeba mkoba wa madaftari, ameleta kitambaa cha koti. Analitaka kwa siku ya wazazi.

Soma mwanangu. Usinichimbe.

Shangazi yako


Bweni
11 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Pole na mguu, uweke kwenye maji ya vuguvugu yenye chumvi. Shughuli sijaziuliza.

Ubao huo umeninyima usingizi, na si kwa huzuni peke yake, nisamehe. Ni udadisi. Yule mzee wa vitabuni, yule wa watu wawili benchini, ana neno kuhusu mipaka. Kwa jinsi nilivyomwelewa, mpaka haukai ardhini ukiwasubiri watu waje watengane. Watu hutengana kwanza, kisha ndio huutafutia utengano wao mahali pa kusimama. Na kutengana nako, anasema, ni uhusiano. Watu wasio na lolote kati yao hawajengi ubao, wanapitana tu. Nilipofika kwenye aliyeshika na aliyepigilia, nilimsomea Bi Kabati kwa sauti.

Ndiyo, Bi Kabati. Nilimwuliza siku moja ana nini na mimi hata akaniwekea kabati. Akashangaa. Amekulia chumba kimoja na wadogo zake wote, hajawahi kulia peke yake maishani, na wiki zile za mwanzo alikuwa analia kwa kukumbuka kwao. Aliliweka kabati asije akanisumbua. Nami miezi yote hiyo nimemwona ana maringo! Nimeona haya mpaka masikio yakaniwaka moto. Mtu aliye upande mmoja wa kabati asijidai kujua limewekwa kwa nini.

Sasa sikia hili. Mzee huyo huyo anasema wawili si sawa na watatu. Wawili, mmoja akiondoka hakuna kilichobaki. Akija wa tatu mambo hugeuka: anaweza kuwapatanisha, anaweza kuwachonganisha akala faida, au anaweza kukaa tu pale kati, wenzake wakaongea kupitia kwake. Hapo niliweka kalamu chini. Unakumbuka? "Mwambie baba yako kiuno hiki amekibana." "Mwambie baba yako mdogo hakijabana, ni yeye mvivu." Nami nimekaa pale, wote wawili wanasikiana bila shida, narudia kila neno kwa sauti kama redio. Nilidhani ni mchezo. Nilidhani wananichekesha. Shangazi, kabla mimi sijaanza kukaa pale, walikuwa wanaongea?

Na ubao uliwekwa lini? Hilo hukulisema, na wewe hujawahi kusahau kitu kwa bahati mbaya.

Kigoda


Nyumbani
2 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Mguu umepungua. Paa limeacha kuvuja kwa sababu mvua imeacha kunyesha. Barua yako nimetembea nayo mfukoni mpaka imelainika kama kitambaa.

Nilikusudia nisikwambie mpaka umalize mitihani. Lakini la kuvunda halina ubani.

Ni wiki ile uliyoondoka. Wewe unajua aliyekuchukulia fomu za chuo. Baba yako alijua tu kwamba umechaguliwa. Hakujua kwamba mdogo wake ndiye aliyeanza, tena kwa siri. Alijua siku unapanda gari, pale stendi, kwa mdomo wa mtu mwingine. Akarudi, akaketi, akakata. Akanyoosha kipande bila kutazama, kama alivyozoea, na hapakuwa na mkono wa kukipokea. Kikaanguka chini. Baba yako mdogo akacheka. Kilikuwa kicheko cha haya, namjua, hucheka hivyo hata misibani. Baba yako akasema, "Umenitolea mtoto, na bado unacheka." Mwingine akajibu, "Mtoto si chombo cha kazi, kaka." Kesho yake plaiwudi ikafika.

Umeuliza kama walikuwa wanaongea kabla yako. Walikuwa wanazozana kutwa. Ulipoanza kukaa pale, huna hata meno ya mbele, wakashusha sauti wasikuogopeshe, na maneno yote wakayapitisha kwako. Karakana ikatulia. Majirani wakanisifu mimi.

Sasa la leo. Baba yako amepata kibanda ng'ambo ya soko. Anataka kuhamisha meza ya kukatia. Atapata mshonaji wa kuokota huko, na mdogo wake atapata mkataji wa kuokota hapa, na nguo zitatoka. Lakini hakuna mtu atakayeshika koti akasema hili ni la wale ndugu. Karakana aliyotuachia baba yetu itakuwa imekwisha, na hakuna hata mmoja atakayekubali kwamba ameiua. Mimi nami sijui pasi yangu niiweke mlango upi.

Nimekuandikia ujue. Sijakuandikia uje.

Shangazi yako


Bweni
10 Julai

Shangazi,

Shikamoo. Ninakuja.

Nimemwona mwalimu. Amesema naweza kuahirisha masomo, ingawa aliyeahirisha hurudi kwa shida. Bi Kabati amenisaidia kufunga sanduku. Ilibidi kabati lirudishwe ukutani tupate pa kulifungulia, na halijarudi katikati.

Ile kazi ya chumba nimeandika karibu yote. Nimeeleza pande mbili, tundu, taa, wateja wa kulia na wa kushoto. Kisha nikachora ramani, na pale kati kwenye ramani pakabaki mahali patupu, nami ndiye niliyekuwa pale. Nikirudi nikakaa, wataongea. Ni jambo dogo hivyo. Siwezi kubaki huku nasoma habari za watu na mahali pao, na mahali pangu ndipo panapobomoa nyumba.

Mwambie Baba asihamishe meza kabla sijafika. Najua wewe hupeleki maneno. Safari hii nakuomba. Nitapanda gari mwisho wa mwezi.

Kigoda


Nyumbani
21 Julai

We mtoto,

Marahaba, na ukae hapo hapo ulipo. Nimeituma barua hii kwa mkono wa dereva wa lori la vitambaa, nikamwapisha asilale njiani. Salamu za wengine utazipata baadaye, leo nina haraka kuliko adabu.

Siku ya wazazi ilikuwa Ijumaa. Mwalimu Mkuu akavaa koti lake jipya, akapanda jukwaani. Naambiwa wazazi wa mstari wa mbele walianza kuinamisha vichwa upande mmoja, wa nyuma wakafuata, mpaka ukumbi mzima ukawa umelala ubavu. Lile bega la kushoto, lililoshuka maisha yake yote, lilikuwa limepanda likampita mwenzake. Mzee wa watu alionekana kama mtu aliyebeba kikapu kisichoonekana.

Akaja moja kwa moja, koti mwilini.

"Nani amenifanyia hivi?"

Baba yako, kutoka kulia: "Mimi nimekata tu."

Baba yako mdogo, kutoka kushoto: "Mimi nimeshona nilichopewa."

"Sasa mimi niingie upande gani?"

Basi akaizunguka meza yangu, akasimama pale ubao unapoishia, bega moja huku na bega moja kule, akasema, "Silivui na siondoki. Kila mtu ashughulike na kipande chake."

Bega la kushoto likawa limeangukia kwa baba yako mdogo. Akafumua mshono, akatoa sponji ya kunyanyulia bega. Akaingiza vidole, akatoa ya pili. Baba yako alikuwa anachungulia kwenye tundu.

"Umeweka sponji?"

"Bega limeshuka, ulitaka niweke nini, mawe?"

"Mbona mimi nimeshaliongezea kitambaa nilipokata!"

"Si ungesema!"

"Si ungeuliza!"

"Nimuulize nani, ubao?"

Unaelewa kilichotokea? Siku ya kupima baba yako aliliona lile bega, akamhurumia mzee, akalinyanyua kwa mkasi. Mwenzake aliliona kupitia tundu, akamhurumia vile vile, akalinyanyua kwa sponji. Ungekuwepo, mmoja angesema "mwambie kushoto nimeshamaliza," na koti lingetoka zuri. Mwalimu Mkuu alipoelewa alicheka mpaka pini zikamdondoka. Akasema hajawahi kupendwa namna ile na watu wasiosemezana.

Wao hawakucheka. Waligombana, mwanangu, waligombana vizuri. Zikatoka fomu za chuo, kikatoka kile kipande kilichoanguka, kikatoka kicheko. Baba yako akaona tundu halimtoshi kumfokea mtu, akashika msumeno akakata plaiwudi kutoka kwenye tundu mpaka chini, akapita. Niliogopa, na nilifurahi, vyote kwa pamoja. Sasa pana mlango, mbaya, umepinda. Ubao uliobaki upo, na hakuna aliyesema uondoke. Kila siku wanagombana kupitia mlango ule, kila mtu kwa mdomo wake mwenyewe. Kibanda cha sokoni hajaenda kukitazama tena. Kama ameacha kabisa sijui, na simuulizi.

Sasa nisikilize vizuri. Ukija ukakaa pale kati, nakuapia, wiki haitaisha utasikia "mwambie baba yako". Watafurahi sana. Watashusha sauti, watatulia, watazeeka wakiongea kupitia kwako, nawe utazeeka ukiwa redio. Sitaki.

Barua yako niliwasomea wote wawili, mimi nisiyepeleka maneno. Baba yako alisikiliza mpaka mwisho. Akapangusa chaki mikononi, akasema, "Asije kukaa. Asome. Siku akija, aje mgeni."

Baba yako mdogo akadakia, "Ndiyo, mgeni njoo, mwenyeji apone."

"Nani amekuuliza wewe?"

Wakaanza tena.

Neno lile, mgeni, lilinichoma kwa niaba yako. Nimeliandika kama lilivyotoka kwa sababu ni neno la kwanza alilokutumia tangu uondoke, na sikuona haki kulipunguza. Alipolisema macho yake yalikuwa mekundu. Hiyo haikuwa chaki.

Fungua hilo sanduku.

Shangazi yako


Bweni
8 Agosti

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako imenikuta nimeketi juu ya sanduku. Mwambie dereva asante, au ukipenda usimwambie, nitamwambia mwenyewe.

Nililia kwanza, sitakudanganya. Nililia mbele ya mwenzangu, maana kabati halipo tena katikati, na yeye, bingwa wa kulia, alinipa leso yake na kuniachia chumba. Mtu akitumiwa neno kutoka kwao kwamba aje mgeni, hata likitumwa kwa upendo, linauma. Halafu nikafika tena kwenye "Nimuulize nani, ubao?" nikacheka peke yangu mpaka akachungulia mlangoni kuona kama nimerukwa na akili.

Sanduku nimelifungua. Mwalimu amefurahi, ingawa kazi yangu ameirudisha na swali moja: mbona haina mwisho? Nimemjibu kwamba ubao bado unakatwa. Nimesoma pia habari za mgeni, zimo kwa mzee yule yule. Anasema mgeni ni mtu aliye karibu na aliye mbali kwa wakati mmoja, na kwa kuwa ugomvi wa wenyeji si wake, huyaona yasiyoonekana na wao. Nilipita ukurasa huo mwezi wa pili bila hata kupiga mstari. Sasa nimeunakili wote, na bado sijui kama ninaukubali. Ugomvi wa kwetu utaachaje kuwa wangu? Hilo nataka kulijua, na sidhani kama litapatikana vitabuni.

Nitakuja likizo, kwa siku chache, kisha nitarudi kusoma. Sitaingia mbio nikirusha viatu. Nitasimama barabarani, mbele ya meza yako, na nitapiga hodi. Sijawahi kupiga hodi kwetu, Shangazi. Nimejaribu kulitamka hapa chumbani, neno dogo vile, likanikwama.

Ukilisikia, nakuomba, wewe usiitikie. Endelea kupiga pasi. Nataka niwasikie wao, na nijue kama wataitikia pamoja.

Mgeni wenu